Ndege ya rimoti ya kwanza kwa sarakasi za usahihi: soma hapa kabla hujatoa mshiko



Leo tuongelee kitu ambacho vijana wengi tunakiangalia kwenye video mpaka muda wa kafe unaisha: ndege za rimoti zinazopiga sarakasi. Siyo vile vidude vya plastiki vya kuchezea watoto, hapana. Naongelea ndege yenye mabawa ya mita moja na ushei, inayopanda wima kama mshale, inabiringika taratibu bila kuyumba, halafu inachora duara angani utadhani kuna mtu kashika bikari.

Sasa tatizo ni hela. Akiba ya miezi kadhaa inaweza kugeuka vipande ndani ya sekunde kumi. Na mara nyingi si mkono wa rubani peke yake ulioponza, ni kwamba alinunua ndege isiyofaa kazi anayoitaka. Duka linakuuzia picha nzuri kwenye boksi, halikuulizi unataka kufanya nini. Kwa hiyo makala hii nimeipanga hatua kwa hatua, unaweza hata kuiprinti ukaenda nayo.

1. KWANZA TUELEWANE: SARAKASI ZA USAHIHI NI NINI?

Kuna aina mbili za sarakasi ambazo watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ile inayoitwa 3D. Hapo ndege inaning'inia kwa propela kama helikopta, inatembea polepole pua juu, inajipindua hovyo kwa makusudi. Inapendeza sana kwenye video. Ndege zake ni nyepesi mno, na vile vipande vinavyochezacheza kwenye mabawa na mkia ni vikubwa sana.

Ya pili ndiyo ya usahihi. Hapa kinachotafutwa ni mistari iliyonyooka, maduara yaliyo duara kweli, na mwendo usiobadilika. Majaji wanakaa wanaangalia kila umbo na kulipa alama kuanzia 0 mpaka 10, halafu alama hiyo inazidishwa na namba ya ugumu wa umbo lenyewe. Yaani ukipata 8 kwenye umbo lenye ugumu wa 3, unaondoka na 24. Na kuna kanuni moja ya kukumbuka: kila nyuzi 15 ulizopotoka zinakukata alama 1. Ulitakiwa kupanda wima kabisa, ukapanda umelala nyuzi 15? Alama moja imekwenda.

Ukiielewa kanuni hiyo umeshaelewa nusu ya makala hii. Ndege ya usahihi ni ile inayokwenda pale ulipoielekeza na kubaki hapo. Ndege inayopotoka yenyewe inakula alama zako hata kama wewe hujakosea.

2. HISTORIA KIDOGO, MAANA INASAIDIA KWENYE KUNUNUA

Mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu yalifanyika mwaka 1960 Dübendorf, Uswisi. Bingwa alikuwa Mmarekani Ed Kazmirski na ndege yake Orion. Mwaka 1967 taji likaenda kwa Mmarekani mwingine, Phil Kraft. Mkumbuke huyu, tutarudi kwake chini. Baadaye akaja Hanno Prettner wa Austria, huyu alichukua ubingwa wa dunia mara kibao kuanzia 1977, na ndege yake Curare ikanakiliwa na watu duniani kote.

Daraja la juu la kimataifa linaitwa F3A, lipo chini ya shirikisho la michezo ya anga duniani, FAI. Kwa miaka mingi kipimo chake kimekuwa ndege isiyozidi mita 2 kwa urefu, mita 2 kwa mabawa, na kilo 5 kwa uzito. Sasa ukiingia mtandaoni ukatafuta ndege za F3A utakutana na bei za kutisha. Usiogope. Hiyo siyo ya kuanzia, kama vile mtu anayejifunza kuendesha gari haanzi na gari la mashindano.

Marekani, kwa mfano, chama cha ndege za modeli AMA chenye makao Muncie, Indiana, kina ngazi: Sportsman, Intermediate, Advanced, Masters, halafu ndiyo F3A. Ngazi ya chini kabisa imewekwa kwa ajili ya mtu mwenye ndege ya kawaida tu. Maumbo yake ni ya msingi: mstari ulionyooka, duara la wima, kubiringika, kuruka chali, kupanda wima na kugeukia kileleni. Ndege tunayoitafuta leo ni ya kufanya hayo, na kuyafanya vizuri.

3. HII ISIWE NDEGE YAKO YA KWANZA KABISA

Hapa naomba tusidanganyane. Kama hujawahi kurusha ndege ya rimoti hata siku moja, ndege ya sarakasi itakufilisi. Sababu ni ya kimaumbile.

Ndege ya kujifunzia ina bawa lililokaa juu ya bodi, na ncha zake zimeinuliwa kidogo kama herufi V. Ukiiachia rimoti inajiweka sawa yenyewe. Ndege ya usahihi haijiweki sawa. Ukiilaza upande inabaki imelala, ukiigeuza chali inabaki chali. Kwa fundi huo ndio uzuri wake. Kwa mgeni ni kaburi, maana anapochanganyikiwa hakuna cha kumwokoa.

Kwa hiyo njia ya bei nafuu ni hii:

- Anza na programu ya kuigiza urushaji kwenye kompyuta. CRRCSim na PicaSim ni za bure. Hii ya pili inakwenda hata kwenye simu za Android. Anguka humo mara mia, hulipi kitu.
- Halafu pata ndege ya kujifunzia, au jiunge na klabu inayokubali kukushikia mkono.
- Ukishaweza kupaa, kuzunguka pande zote mbili na kutua salama mara kumi mfululizo, hapo sasa rudi kwenye makala hii.

Anayeruka hatua hizi ananunua ndege mbili badala ya moja.

4. SIFA ZA KUANGALIA

(a) Umbo la bawa. Fikiria umelikata bawa kama unavyokata mkate, ukaangalia pale kwenye mkato. Kama chini ni bapa na juu kumeinuka, hilo ni bawa la kujifunzia. Linainua ndege vizuri ikiwa sawa, lakini ikiwa chali linagoma na pua inaanguka. Unalotaka wewe ni lile ambalo juu na chini ni sawasawa. Likiwa chali linafanya kazi ileile kama likiwa sawa.

(b) Bawa limekaa wapi. Tafuta lililokaa katikati ya bodi au chini kidogo, na lisiwe limeinuliwa ncha sana. Bawa la juu lenye umbo la V linaifanya ndege igeuke yenyewe ukikanyaga usukani wa mkia, na hilo hatulitaki.

(c) Urefu wa bodi. Ndege ya usahihi huwa na bodi ndefu, mara nyingi inakaribia urefu wa mabawa. Mkia ukiwa mbali unatuliza pua, ndege haitikisiki kama samaki. Ukiona ndege fupi yenye mabawa mapana, hiyo ni ya mambo mengine.

(d) Ukubwa. Kubwa inaruka vizuri kuliko ndogo, hasa upepo ukiwepo. Chini ya mita 1 ya mabawa inarushwarushwa na upepo mpaka hujui kosa ni lako au la hewa. Kwa kuanzia mita 1.2 mpaka 1.5 ndiyo mahali pazuri: inaonekana angani, na betri zake bado hazijawa za kuuza ng'ombe.

(e) Uzito kwa eneo la bawa. Tuchukue mfano. Mabawa ya mita 1.4, upana wa sentimita 24. Eneo ni desimita za mraba 33.6. Ndege ikiwa na kilo 2, kila desimita ya mraba inabeba gramu kama 60. Kwa ukubwa huo ni sawa. Ikifika 80 au 90, itataka mbio muda wote na kutua kwake kutakuwa presha tupu. Namba hizi zipo kwenye maelezo ya muuzaji, piga hesabu mwenyewe kabla ya kulipa.

(f) Nguvu. Huwezi kuchora mstari wa wima kama mota inakata pumzi njiani. Kwa ndege ya umeme kipimo cha mtaani ni wati 250 mpaka 330 kwa kila kilo ya ndege iliyokamilika na betri yake. Ndege yetu ya kilo 2 basi inataka kama wati 600. Kwa betri ya seli 4, yenye volti 14.8, hizo ni ampea 40 hivi. Kwa hiyo spidi kontrola, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota, nunua ya ampea 60 ili isifanye kazi kwa kukazana.

5. POVU AU BALSA?

Siku hizi ndege nyingi za bei nafuu zinatengenezwa kwa povu gumu. Nyingine ni za mti wa balsa, ule mti mwepesi, zimefunikwa na karatasi ya plastiki.

Povu: linavumilia kugongwagongwa, ukivunja unagundisha jioni unarusha kesho. Ubaya wake linanepa. Bawa likijikunja kidogo kwenye mwendo kasi, mstari wako unapinda. Angalia kama ndani ya mabawa kuna bomba la kaboni, na kama linafika mbali au ni kipande tu cha katikati. Halafu angalizo la gundi: povu laini la mipira midogomidogo, kama la kufungia vifaa vipya vya umeme, linayeyushwa na supagluu ya kawaida. Jaribu kwanza kwenye sehemu isiyoonekana.

Balsa: nyepesi, ngumu, inashika mstari vizuri zaidi. Ubaya wake ikigonga ardhi vibaya ni wiki nzima ya ufundi, kama unao huo ufundi.

Kwa mtu anayeanza na mfuko mdogo, povu lenye kaboni ndani ndilo ninalopendekeza. Lakini kama upo karibu na klabu yenye wazee wa kazi, ndege ya balsa iliyotumika ni dili kubwa. Wengi wao wana ndege za zamani za injini ya 6.5 au 7.5 cc zilizokuwa zinatumia mafuta ya methanoli, na siku hizi zinabadilishwa kuwekwa mota ya umeme.

Ukinunua iliyotumika kagua hivi:

- Simama nyuma, ilinganishe: bawa na mkia viwe sambamba.
- Pinda ncha za mabawa taratibu. Ukisikia mlio wa kupasuka, achana nayo.
- Angalia pale mota ilipofungwa. Mbao iliyolowa mafuta miaka mingi inaoza na gundi haishiki tena.
- Shika kila kipande kinachochezacheza, kitikise. Ulegevu wowote hapo utauona angani.
- Bawa likiwa limejikunja kama chipsi, iache. Usikubali hadithi kwamba itanyooka.

6. HERUFI KWENYE BOKSI

Hapa ndipo watu wanapigwa. Bei ni ndogo, unafurahi, kumbe umenunua nusu ya kitu.

- RTF: kila kitu kimo, mpaka rimoti. Lakini rimoti zake mara nyingi ni za hali ya chini, utaitupa baada ya muda mfupi.
- BNF: kila kitu isipokuwa rimoti, na rimoti lazima iwe ya lugha moja na kipokezi kilichomo ndani. Betri na chaja mara nyingi navyo ni juu yako.
- PNP: mota na servo zimo, ila kipokezi, rimoti, betri na chaja ni juu yako.
- ARF: mwili wa ndege umeshajengwa, mota, servo na vingine vyote ni juu yako.

Kwa wengi wetu PNP ndiyo inalipa, maana unachagua rimoti yako mwenyewe na utaitumia kwa ndege zote zitakazofuata.

7. RIMOTI NA SERVO: USIBANE HAPA

Wakubwa wanakumbuka enzi za megahezi 72 Marekani na megahezi 35 Ulaya. Mkiwa wawili kwenye chaneli moja, akiwasha mwenzako ndege yako inaanguka. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 rimoti za gigahezi 2.4 zikaingia na tatizo hilo likaisha kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ukiuziwa rimoti ya zamani kwa bei ya kutupa, jua kwa nini inatupwa.

Unahitaji chaneli zisizopungua 6, kumbukumbu ya ndege zaidi ya moja, uwezo wa kuweka viwango viwili vya mwendo wa servo, na uwezo wa kulainisha mikono ya rimoti pale katikati. FlySky FS-i6 ni mfano wa ile ya bei ya chini kabisa inayotosha. Ukiwa na uwezo zaidi, RadioMaster zinakupa vitu vingi kwa hela hiyo.

Angalizo moja linaloangusha ndege mpya: kwenye Futaba kulainisha ni namba ya hasi, kwenye Spektrum ni ya chanya. Ukinakili namba ya mtu mwenye rimoti tofauti, badala ya kulainisha unaifanya ndege iwe kichaa. Jaribu chini kwanza, angalia kwa macho.

Servo nazo usinunue kwa kuangalia nguvu tu. Ya usahihi ni ile inayorudi katikati palepale kila mara. Fanya jaribio hili: sogeza mkono wa rimoti kushoto, uachie, weka alama pale servo iliposimama. Halafu kulia, uachie. Kama haikurudi kwenye alama, ndege yako haitashika mstari hata siku moja, hata uwe bingwa.

8. BETRI: HII INAUNGUZA NYUMBA

Betri za lipo ni nyepesi na zina nguvu, lakini zikikasirika zinawaka moto usiozimika kirahisi. Siyo utani.

Kila seli ni volti 4.2 ikijaa, na kawaida yake ni 3.7. Usiishushe chini ya 3.5 ikiwa imetulia. Ukiiweka ndani siku nyingi iache kwenye 3.8. Chaji kwa chaja inayosawazisha seli, kwa ampea sawa na ukubwa wa betri: betri ya mAh 3300 ni ampea 3.3. Usichaji umelala, usichaji umetoka, usichaji juu ya godoro. Ikivimba, kazi yake imekwisha, usiitoboe.

Na muda wa kuruka? Tuseme wastani unatumia ampea 20, na unataka kubakiza asilimia 20 ya betri. Betri ya 3300 inakupa kama dakika 8. Weka kengele ya dakika 6 kwenye rimoti, ili ubaki na akiba ya kuzunguka tena kama kutua kumeharibika.

9. BAJETI: NDEGE NI NUSU TU

Ndege ya povu ya PNP ya ukubwa tuliousema kwa kawaida utaikuta kati ya dola 150 na 300. Lakini usije ukaimaliza hela yote hapo. Gawanya hivi: nusu kwa ndege, robo kwa rimoti na kipokezi, robo kwa betri mbili na chaja. Halafu weka pembeni hela ya propela za akiba. Propela zinavunjika, hilo halina mjadala. Na kama unaagiza nje, ongeza usafiri na ushuru, maana betri za lipo wasafirishaji wengi hawazipendi na boksi la ndege ni kubwa.

Mwenye ndege ya dola 150 na betri tatu atakuwa fundi haraka kuliko mwenye ndege ya dola 400 na betri moja. Ufundi unakuja kwa idadi ya kuruka.

10. MAJINA YA KUANZIA KUTAFUTA

Ugly Stik. Hii ilichorwa na yuleyule Phil Kraft. Jina lenyewe linakiri kwamba ni mbaya wa sura, yaani bawa mstatili na bodi kama boksi. Lakini inaruka vizuri na kuijenga ni rahisi. Kuna nakala zake kibao za ukubwa tofauti, na michoro ipo mtandaoni. Kwa mwenye mikono ya ufundi na mfuko mwembamba, hii ndiyo mlango. Tafuta toleo lenye bawa lililo sawa juu na chini.

Four-Star ya kampuni ya Sig, ya Montezuma, Iowa. Ni balsa, bawa chini, umbo rahisi. Wengi Marekani waliitumia kama ndege ya pili baada ya kujifunza, kwa hiyo iliyotumika inapatikana.

AcroMaster ya Multiplex ya Ujerumani. Ni povu gumu, imechorwa kwa sarakasi kweli, siyo kwa sura.

Commander mPd ya E-flite. Povu, mabawa mita 1.4, bodi ndefu ya mtindo wa ndege za usahihi. Kati ya hizi ndiyo inayofanana zaidi na ndege za mashindano.

Majina yanabadilika, maduka yanafungwa. Kampuni kubwa ya Hobbico iliyokuwa na Great Planes ilianguka mwaka 2018. Kwa hiyo shika zile sifa za namba 4, siyo jina tu.

Na hizi usinunue kwa kazi hii, hata zikupendeze vipi:

- Ndege za kivita za kuigiza, kama P-51. Nyingi zina mabawa membamba ncha, zinakatika ghafla ukipunguza mwendo.
- Ndege za feni ya ndani zinazofanana na jeti. Zinakula betri na hazipandi wima vya kutosha.
- Ndege nyepesi za 3D. Upepo kidogo tu, mistari yote imekwenda.
- Ndege yoyote yenye kifaa cha kujisawazisha kisichozimika. Kifaa hicho ni kizuri kwa kujifunzia, lakini kwenye mashindano ya F3A vifaa vya aina hiyo haviruhusiwi, na kinaficha makosa yako. Kama kipo, hakikisha kuna swichi ya kukizima.

11. UKISHAIPATA: MAJARIBIO MATATU

Ndege nzuri isiyorekebishwa ni sawa na ndege mbaya. Anza na kitovu cha uzito: kiwe kati ya asilimia 25 na 33 ya upana wa bawa kutoka mbele. Kwa bawa la sentimita 24 hapo ni sentimita 6 mpaka 8. Kama kitabu cha ndege kimetoa namba yake, fuata hicho. Halafu ndani ya kiwango hicho anzia mbele, maana ndege nzito mkiani ni hatari kuliko nzito puani.

Ikishakuwa angani, na juu vya kutosha:

Jaribio la kwanza, chali. Panda kwa nyuzi 45, igeuze chali, uachie mkono. Pua ikianguka haraka, kitovu kipo mbele sana. Ikiendelea kupanda zaidi, kipo nyuma sana. Ikishuka taratibu kidogo, upo pazuri. Sogeza betri kwa milimita chache, siyo kwa mkupuo.

Jaribio la pili, wima. Panda wima kwa moto wote. Ikivuta kushoto kila mara, mota inahitaji kuelekezwa kulia kidogo. Fanya mara nyingi upepo ukiwa umetulia kabla hujafungua bisibisi.

Jaribio la tatu, ubavu. Ilaze kwa ubavu, bawa moja juu, uishikilie kwa usukani wa mkia. Ikijikunja kuelekea tumboni au mgongoni, rekodi ni upande gani. Rimoti yenye uwezo wa kuchanganya chaneli itakusaidia kusahihisha.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha vitatu hutajua kipi kilisaidia.

12. UWANJA NA SHERIA

Kwenye F3A ndege inaruka kama mita 150 mbele ya rubani, ndani ya eneo la nyuzi 60 kila upande. Piga hesabu: hapo ni zaidi ya mita 500 kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Wewe na ndege ndogo unaweza kuruka kwa mita 75, lakini bado ni zaidi ya mita 250 za anga. Uwanja wa mpira katikati ya nyumba haufai. Ndege ya kilo 2 yenye mwendo kasi ikimpata mtu kichwani, hiyo siyo hobi tena, ni msiba. Na propela inakata vidole, kwa hiyo betri ichomekwe mwisho kabisa, ndege ikiwa imeshikwa.

Sheria nazo usizipuuze. Tanzania kaulize TCAA, Kenya KCAA, na uulize KABLA ya kuagiza, siyo mzigo ukiwa umeshafika bandarini. Wadau mlioko Marekani: ndege ya zaidi ya gramu 250 inasajiliwa FAA, kuna mtihani mfupi wa bure unaoitwa TRUST, na tangu 2023 kuna sharti la ndege kujitangaza kwa kifaa maalumu isipokuwa ukirusha kwenye maeneo yaliyoruhusiwa, ambayo mengi ni ya klabu. Uingereza lazima uwe na namba za CAA, ya rubani na ya mmiliki.

KWA KUMALIZIA

Kama huna muda wa kukumbuka yote, beba haya: bawa sawa juu na chini, mabawa mita 1.2 mpaka 1.5, bodi ndefu, wati 300 kwa kilo, servo zinazorudi katikati, na nusu ya hela ibaki kwa vingine. Muuzaji akishindwa kujibu hata moja kati ya hayo, funga pochi, endelea kutafuta. Ndege zipo, haziishi, ila akiba yako ikiisha ndiyo imeisha.

Kama unayo ndege unayoifikiria, weka jina lake, uzito, mabawa na mota hapo chini kwenye maoni, tuipigie hesabu pamoja kabla hujalipa. Na wale mafundi waliobobea, mkiona mahali pa kuongezea, uwanja ni wenu.